Nini kimekua?

Mwaka jana, katika zoezi la tafsiri, nilipewa ukurasa mmoja juu ya kaunti ya Loving, magharibi mwa Texas, Marekani. Niliandika kwamba kaunti hiyo "imekua sana". Mwalimu alipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Nini kimekua?"

Nikarudi kwenye takwimu. Loving ni nchi kame na tambarare kando ya mto Pecos, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,750. Sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 82. Ya 2020 ikahesabu 64. Darasa letu peke yake lina watu wengi kuliko hao! Hata hivyo kaunti hiyo ina makao makuu yake, Mentone, ina mahakama, na ina viongozi wanaochaguliwa kwa kura. Serikali yake iliundwa 1893, ikavunjwa 1897, ikarudishwa 1931, baada ya mafuta kupatikana. Kwa miaka mingi maji ya kunywa yaliletwa kwa gari. Leo visima vya mafuta ni vingi, na wafanyakazi wengi hulala kambini, lakini nyumbani kwao ni kwingine. Kilichokua, basi, ni mafuta na mapato. Watu wamepungua.

Nilifuta sentensi yangu nikaandika hivyo. Mwalimu akakubali.

Mimi ni mtoto wa Kolwezi. Kiswahili chetu cha Katanga husema "kukomea": kwa mtoto, kwa muhogo, kwa mji. Likizoni, mama mdogo alinionyesha malori ya shaba na kobalti yakipita, na nyumba mpya zilizosongamana hadi barabarani. "Unaona vile muji yetu inakomea!" akaniambia. Alikuwa na bidoni la maji kichwani. Bomba la mtaa wake lilikuwa kavu tangu asubuhi. Shamba lake la mihogo sasa liko ndani ya ukuta wa mgodi.

Swali la mwalimu lilinifika mdomoni. Sikumuuliza. Nilimtua bidoni, nikalibeba mimi, tukaenda nyumbani.

Loving mali imeongezeka, watu wamepungua. Kwetu mali imeongezeka na watu pia, lakini maji hayakuongezeka, wala shamba. Kitenzi ni kimoja. Viima vyake havifanani. Ndiyo sababu kazi yangu ya mwisho wa masomo itahusu "kukomea": nani hulitumia neno hilo, na juu ya nini.