Pua Chini

Ndege ndogo ikiporomoka kwa kuzunguka, mara nyingi haina kilichovunjika. Injini inaunguruma, mabawa yapo. Rubani ameinua pua kupita kiasi, hewa ikaacha kuambaa vizuri juu ya mabawa, na kwa kuwa ndege ilikuwa imekwenda upande, bawa moja likaishiwa nguvu kuliko jingine. Hapo mzunguko unajiendesha wenyewe. Ardhi ikimjia usoni, mkono wa rubani unataka kuvuta usukani ili pua iinuke, na kuvuta huko ndiko kunakoyazuia mabawa yasipate nguvu tena.

Agosti 1912, kwenye uwanda wa Salisbury huko Uingereza, Luteni Wilfred Parke alinaswa hivyo akiwa kama mita 200 juu. Akaongeza moto wa injini, akavuta usukani, akakanyaga pedali kuelekea kulekule ndege inakozungukia, kama ilivyoaminika wakati ule. Wapi! Zikiwa zimebaki kama mita 15, akakanyaga upande wa pili mpaka mwisho, ndege ikatii. Alipotua aliwasimulia wenzake kila alichofanya, pamoja na yale yasiyofaa kitu. Kwa hilo namheshimu kuliko kwa kupona kwake.

Siku hizi mwanafunzi hufundishwa kupunguza nguvu ya injini, kuweka vibao vya mabawa katikati, kukanyaga pedali kinyume cha mzunguko, kisha kusukuma usukani mbele. Pua imeshaelekea chini, naye anaambiwa asukume!

Kukubali kushuka ili upone kunanikumbusha binamu yangu na duka lake la nguo. Alichukua mkopo wa kausha damu, wenye riba kali, akakopa kwingine kuulipa, maana hakutaka mtaa uone rafu tupu. Wazee walipomshauri auze vitu arudi kupanga nguo mezani, aliona wanamdhalilisha. Mwisho akakubali, na bahati yake bado alikuwa na cha kuuza. Rubani anayenaswa kwenye kona ya mwisho ya kutua hana akiba kama hiyo, kwa kuwa yuko chini: ndege ndogo kama Cessna 172 inaweza kumaliza mita 300 kwa mzunguko mmoja na kujinyoosha.

Tangu 1949 Marekani haiwalazimishi marubani wa kawaida kufanya zoezi la kuizungusha ndege na kuinyoosha. Inataka watambue dalili mapema, usukani unapolegea na king'ora kinapolia. Hoja ya kuzuia mapema naielewa. Hata hivyo, mwanangu akitaka urubani, nitamtafutia mwalimu atakayempeleka juu sana na kumzungusha.