Mashini ya Mvuke Wakati wa Baridi

Labda wengine kati yenu mmepata kuona picha ya gari la moshi la zamani linapopita katika mashamba ya Uingereza wakati wa joto. Rangi yake ni ya majani mabichi, shaba yake yang'aa kama kinara cha altare siku ya sikukuu, watoto wanapunga mikono, na dereva anachungulia dirishani kama mfalme. Picha ile ni ya kweli, lakini ni ya miezi michache tu ya mwaka. Sisi tulifika mwezi wa Januari.

Tulikuwa huko kwa masomo, na rafiki mmoja alituambia kwamba kila Jumamosi yeye huenda kufanya kazi bila mshahara katika reli moja ya zamani. Tulifurahi kumfuata. Babu yetu alikuwa akitusimulia mara nyingi habari za mashini za mvuke za Katanga. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na yeye alizijua mashini zile kwa sauti kabla hajaziona kwa macho. Basi tulidhani tutapanda, tutatia makaa, pengine tutapiga filimbi. Kumbe tulipewa ovaroli iliyochakaa, na beleshi, na taa ya mkononi.

Yafaa tueleze kwanza. Shirika la reli la serikali ya Uingereza liliacha mvuke katika njia zake kubwa mwezi wa Agosti 1968. Lakini watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kuanza kuziokoa reli ndogo. Huko Wales iko reli ya Talyllyn, iliyojengwa kwa kuchukua mawe ya kuezekea nyumba. Ilipokaribia kufa, mwandishi Tom Rolt na wenzake waliishika kazi yake mwaka 1951, nao huhesabiwa kuwa wa kwanza ulimwenguni kuokoa reli kwa namna hiyo. Leo reli kama hizo ni nyingi. Wageni huja na kulipa wakati wa joto. Januari na Februari nyingi hufunga milango yao, na hapo ndipo mashini hufunguliwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa masizi. Mbele ya mashini kuna chumba cha moshi, na mtu huingia humo kwa magoti. Tulidhani masizi ni uchafu tu. Sivyo. Majivu na masizi yakikaa katika unyevu wa baridi yanafanya maji makali yanayokula chuma kimya kimya. Kwa hiyo sharti yatoke yote, hata yale yaliyojificha nyuma ya bomba. Tulitoka humo weusi kuliko tulivyozaliwa, na wenzetu Waingereza walicheka sana, kwa maana wao pia walikuwa weusi siku ile.

Kisha yako maji. Maji yakiganda yanapanuka, na bomba la chuma hupasuka kama kibuyu. Kila kijibomba humwagwa maji kabla ya baridi kali, na anayesahau kimoja atakijua siku ya kuwasha moto.

Lakini kazi kubwa ni boila, ndilo pipa lile refu linalochemsha maji. Ndani yake kuna tanuri, na maji yanalizunguka tanuri pande zote. Akina mama wanaosoma habari hii wanajua ukoko wa chungu. Maji yenye chokaa huacha ukoko mweupe katika boila vivyo hivyo, na matope yake hushuka chini, katika pembe nne za tanuri. Palipo na ukoko, maji hayagusi chuma. Na chuma kisichoguswa na maji kinapata moto kupita kiasi na kuharibika. Basi hufunguliwa vizibo vya shaba, mtu huingiza mpira wa maji yenye nguvu na fito za chuma, anakwangua, anasafisha, anakwangua tena.

Tulikabidhiwa pembe zile nne na mzee mmoja. Hatumtaji jina. Alikuwa kijana wa miaka 16 mwaka ule wa 1968, nanyi mwaweza kuhesabu umri wake. Mambo mengi aliyajua kwa masikio: aligonga kwa nyundo ndogo vile vyuma vinavyoshikiza tanuri na boila, navyo ni mamia, akasema hiki kizima, hiki kimekatika, na sisi hatukusikia tofauti yoyote.

Pembe tatu tulizikwangua vizuri. Ya nne ilikuwa upande wa ukuta, mahali pabaya, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na huko saa kumi za jioni giza limeingia. Tuliingiza ufito mara mbili, tukamwaga maji, tukaviweka vyombo chini.

Mzee akauliza: "Pembe zote nne, kijana?"

Tukajibu: "Zote nne, Mzee."

Hakusema neno. Alitwaa kioo kidogo chenye mpini, akakiingiza pamoja na taa katika tundu la nne, akatazama muda mrefu. Kisha alitupa kioo sisi. Tuliona matope na vipande vyeupe, kimo cha kidole kizima. Alisema tu kwamba mjukuu wake ndiye atakayetia makaa katika mashini hii siku ya Pasaka, naye husimama mbele ya mlango wa tanuri. Akaenda kunywa chai yake.

Matope tungeweza kuyasingizia baridi. Lile neno la "zote nne" hatukuwa na la kulisingizia. Tuliwasha taa, tukaanza upya, na hatukuondoka mpaka saa moja ya usiku. Jumamosi iliyofuata tuliirudia pembe ile, ingawa hakuna aliyetuamuru.

Mwisho wa Februari akaja mkaguzi. Huyu si mtu wa reli, na bila sahihi yake moto hauwashwi. Vizibo vilikuwa bado wazi. Alipofika kwenye pembe ya nne, sisi tulisimama nyuma ya gari la makaa. Alichungulia, akafuta kioo, akachungulia tena, akaandika kitu katika daftari lake, akaiendea mashini ya pili.

Mzee hakututazama. Alitutupia kitambaa cha kufutia mikono.