Kihenge Kilichojaa Bila ya Sisi Kuvuna

Katika nyumba nyingi za Waislamu siku hizi, hata huku kwetu Bariadi, mbali na bahari na miji mikubwa, simu imekuwa ndiyo sanduku la nyumba. Ndani yake mna picha za arusi na za akika, sauti za wazee waliokwisha kututoka, nakala ya hati ya kiwanja, vyeti vya watoto, na pengine hesabu ya madeni ya duka. Na kwa kuwa simu huibiwa, huanguka majini na huvunjika, watu hufundishwa kuviweka vitu hivyo mahali pengine zaidi, panapoitwa "wingu". Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee wenzetu na akina mama wanaolisikia jina hilo kwa vijana bila ya kufahamishwa maana yake, khabari ya wingu letu sisi: namna lilivyojaa pasipo mkono wetu, na tuliyoyakuta tulipoitafuta sababu.

Kwanza ifahamike kwamba wingu hilo haliko juu. Ni majumba makubwa yaliyojaa mashine za kuhifadhi, yaliyojengwa katika nchi mbalimbali. Kampuni ya Google ina jumba moja la namna hiyo katika mji wa Hamina, nchi ya Ufini. Zamani lilikuwa kiwanda cha karatasi, likanunuliwa mwaka 2009, na mashine zake hupozwa kwa maji ya bahari. Picha ya mtoto iliyopigwa hapa Bariadi hupita katika minara na nyaya mpaka pwani, kisha huingia katika mkongo uliolazwa chini ya bahari, kama ule wa SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009. Basi aliyeliita wingu yaonekana alipenda mzaha, maana safari yake ni ya chini zaidi kuliko ya juu. Kwetu Usukumani jina lililolifaa ni kihenge, ghala lile la nafaka lenye kipimo chake, ambalo likishajaa hata punje moja haliongezi.

Kihenge hiki cha Google hutolewa bure kwa kipimo cha gigabaiti 15, na kipimo hicho ni kimoja kwa vitu vyote: barua pepe, mafaili na picha. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa kabisa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya huhesabiwa. Kikijaa, picha hazipandi tena, na barua pepe haziingii wala hazitoki. Hili la barua ndilo lililotuamsha. Binti yetu alikuwa akingoja kuitwa kwenye usaili wa kazi. Wenzake walipata barua zao, yeye hakupata kitu. Alipopiga simu kuuliza akajibiwa kwamba barua yake ilipelekwa ikarudi, kwa sababu sanduku la mpokeaji limejaa. Zilikuwa zimebaki siku nne. Alhamdulillahi aliambiwa siku na mahali kwa mdomo, akaenda.

Akaunti hiyo ni ya nyumba nzima, nayo ilifunguliwa na fundi wa simu wa hapa mjini siku kijana wetu aliponunua simu. Kijana akatoa shauri la haraka: tulipe kila mwezi tuongezewe nafasi, yaishe. Sisi hatukukubali. Hatuoni maana ya kujenga kihenge cha pili kabla ya kujua nani amekijaza cha kwanza. Tena tulikuwa na khofu nyingine. Katika akaunti hiyo mna sauti ya mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyorekodi kijana mwaka mmoja kabla ya mzee huyo kufariki. Anataja majina ya babu zetu, na nani alihamia Maswa, na nani alibaki. Hakuna mwingine aliyeyajua hayo. Kuanza kufuta ovyo katika mahali kama hapo ni sawa na kufagia chumba gizani ilhali pete imeanguka sakafuni.

Mama wa nyumba alianza kwa uangalifu. Alifuta picha mia tatu za salamu. Kipimo hakikusogea. Binti akaeleza kwamba picha mia tatu zilizopita katika WhatsApp pengine hazifiki megabaiti 60, na gigabaiti 15 ni kama megabaiti 15,000. Kumbe video ya dakika moja iliyopigwa kwa simu nzuri yaweza kupita megabaiti 100. Wakafuta video. Wakafuta barua za matangazo, tukajifunza kwamba barua na mafaili yaliyotupwa hukaa katika pipa la taka siku 30, na muda wote huo huhesabiwa, isipokuwa mtu akilimwaga pipa lenyewe. Wakalimwaga. Usiku ule tukapata nafasi ya gigabaiti nzima na zaidi kidogo. Baada ya siku mbili imejaa tena.

Hapo ndipo tulipojua kwamba kuna mtu au kitu. Tumezoea mwizi wa kuchukua. Huyu wetu alikuwa akileta.

Tulifungua ukurasa wa hesabu wa akaunti yenyewe, unaoonyesha kila sehemu imekula kiasi gani. Barua zilikuwa kidogo. Lakini palikuwa na mzigo mmoja mkubwa usioonekana popote katika orodha ya mafaili: nakala ya akiba ya WhatsApp. Programu hiyo, katika simu za Android, hunakili mazungumzo pamoja na picha zake na kuyapeleka katika akaunti ya Google, aghalabu usiku watu wamelala. Tangu mwaka 2018 nakala hizo zilikuwa hazihesabiwi, na katika mwaka 2024 zikaanza kuhesabiwa kwa watu wote. Basi mzigo uliokaa miaka bila ya kutozwa ukatiwa mzanini ghafla, na wenye nyumba wengi hawakupata kujua.

Na ndani ya mzigo huo mna nini? Kundi la ukoo, kundi la wazazi wa madrasa, kundi la wanafunzi wa zamani, kundi la akina mama wa kikoba. Kila Ijumaa, tangu alfajiri, huingia picha za waridi na minara zilizoandikwa Ijumaa njema. Ile ile yaweza kuletwa na watu ishirini. Wala si kwetu tu. Mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal la Marekani lilieleza kwamba wataalamu wa Google, walipochunguza kwa nini simu nyingi za India zajaa na kukwama, walikuta ni picha za kutakiana asubuhi njema, zenye maua na jua linalochomoza, zinazotumwa kwa mamilioni. Salamu ni jambo tukufu na hatuwezi kuikataza. Lakini anayesalimiwa mlangoni huitikia salamu, haifungi katika gunia akaiweka darini. Tuliondoa video katika nakala ile, tukaifanya iwe ya mwezi badala ya kila usiku, na tukafuta yaliyorudiwa. Mzigo ukapungua sana.

Na bado kihenge kikawa kinajaa, polepole sasa, lakini kinajaa.

Binti alifungua sehemu ya picha akaanza kushuka nazo siku kwa siku. Alifika mahali akanyamaza. Palikuwa na mzani wa pamba na marobota, na mtu amesimama kando yake asiyejulikana na yeyote nyumbani. Palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, na shamba la dengu. Palikuwa na arusi, bibi arusi na shoga zake, katika nyumba ambayo hatujapata kuingia. Tulipoinama tutazame, binti akaifunika simu kwa kiganja.

"Baba, hizi usitazame," akasema. "Ni za watu, wako ndani kwao."

Tukageuka. Mwislamu huamrishwa aombe idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na sisi tulikuwa tumeingizwa katika nyumba tatu bila ya kubisha hodi, wala wenyewe hawajui. Tangu hapo tulikubaliana kwamba binti peke yake ndiye atakayezishika picha hizo, tena kwa kadiri ya haja tu.

Mara mambo mengine yaliyotushangaza zamani yakapata maana. Kwa muda mrefu yalikuwa yakijitokeza majina ya ajabu katika orodha ya simu zetu: "Mayu Lamadi", "Mnunuzi wa dengu", "Shemeji gari". Kila mmoja alidhani ameyaandika mwenzake. Kumbe akaunti hubeba majina kama inavyobeba picha. Tulipotazama mahali panapoorodheshwa simu zilizofunguliwa kwa akaunti yetu, tukakuta simu tano. Zetu ni mbili.

Twende kwa fundi. Hatutamtaja, maana hakuwa na nia mbaya, na hasha, si yeye peke yake afanyaye hivi. Alitupokea kwa heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, simu tatu hizi ni za nani?"

Alizitazama, akashika kichwa. Alieleza kwamba mteja hutoka kijijini na simu mpya, anataka WhatsApp papo hapo, gari lake linaondoka, na hana akaunti. Kumfungulia yake mwenyewe kwahitaji muda, na neno la siri ambalo kesho atalisahau. Basi fundi hutumia akaunti iliyo tayari ambayo neno lake analikumbuka. Yetu alikuwa analikumbuka. Kisha simu humwuliza mteja: je, picha zako zihifadhiwe? Naye hubonyeza ndiyo, kama sote tubonyezavyo.

Tulimwambia bila ya ukali kwamba mlango ule ulikuwa wazi pande zote mbili. Sisi tumeona arusi ya watu. Na wao, lau wangefungua, wangesoma barua zetu, wangeiona hati ya kiwanja chetu, wangeisikia sauti ya mama yetu. Jambo hili wenye nyumba wengi hawalifikiri. Anayejua neno la siri la akaunti yako ana ufunguo wa nyumba yako, na anaweza kuugawa hata kwa wema.

Kijana alitaka tufute picha zote za wageni usiku ule ule na kuzitoa simu zao. Binti akamzuia, na hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Picha iliyokwisha kupanda katika akaunti, ukiifuta huko, yaweza kufutika pia katika simu iliyotoka, maana simu na akaunti hufuatana. Kadhalika, ukiiondoa akaunti katika simu, majina yaliyohifadhiwa ndani ya akaunti hiyo huondoka nayo. Na la tatu ndilo zito zaidi: simu ikijaa, watu hubonyeza ile sehemu ya kuongeza nafasi, nayo huziondoa simuni picha zilizokwisha kupanda. Wakati huo nakala pekee duniani ni ile iliyo katika wingu. Yaani yumkini kihenge chetu kilikuwa kimeshika mali ambayo mwenyewe hana tena nyumbani kwake.

Kwa hiyo tulianza na wenyewe. Binti alijifungulia anwani yake mpya kwa ajili ya barua za kazi, nasi tukauvumilia mjazo ule majuma matatu. Fundi, kwa kujutia, alipiga simu huku na huku. Wa kwanza kupatikana alikuwa kijana mnunuzi wa mazao. Alicheka, akachukua vyake, akafunguliwa akaunti yake.

Wa pili alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Dutwa, mwenye ile arusi. Alikuja siku ya gulio akiwa na wasiwasi, akidhani anashitakiwa. Binti aliketi naye ndani, akamwonyesha. Mama yule alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi hizi nilikwisha zilia." Simu yake ilikuwa imesafishwa miezi mingi nyuma ili ipate nafasi, na tangu siku hiyo hakuziona tena picha za arusi ya mwanawe, akajua zimepotea. Zilikuwa kwetu. Kama shauri la kufuta lingefuatwa usiku ule, zingekuwa zimepotea kweli. Binti alizinakili zote katika memori kadi, akamfungulia akaunti kwa jina lake, akamwandikia neno la siri katika kikaratasi alichokifunga mwenyewe katika pindo la kanga. Kisha tukazifuta kwetu mbele ya macho yake.

Baada ya hapo tulibadili neno letu la siri, na sasa haingii mtu mpaka tarakimu zinazoletwa katika simu ya mama wa nyumba zijazwe. Kipimo kimeshuka chini ya nusu. Sauti ya mama yetu tumeinakili mahali pawili zaidi, na kijana ameanza kuyaandika majina yale katika daftari.

Imebaki simu ya tatu. Fundi hamkumbuki mwenyewe vizuri, ila kwamba ni mtu wa Meatu aliyekuja msimu wa kuuza pamba. Simu hiyo tumeitoa katika akaunti, maana haijawaka siku nyingi, lakini picha zake, ambazo binti asema nyingi ni za mtoto mchanga, bado zimekaa kwetu na zinakula gigabaiti mbili kamili. Fundi amebandika karatasi dukani kwake. Msimu ujao wa pamba twatumaini atapita.