Majina Mawili kwenye Sala za Waamini

Nachingwea, Desemba 2025

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema ninyi vijana Wakatoliki wa VIWAWA hapo Ruangwa mmegawanyika tangu uchaguzi na maandamano ya Oktoba 29. Mmoja wenu ana kaka yake polisi Dar es Salaam, aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe. Mwingine ana mdogo wake, dereva wa bodaboda huko huko Dar, aliyetoka siku ile asubuhi na mpaka leo hajulikani alipo. Sasa hawakai benchi moja kwenye kwaya, na wewe katibu unaniuliza usimame na nani.

Swali hilo nililikuta kwa bibi yangu, nikiwa mtoto Mnero. Kwenye mafundisho tulisimuliwa habari za Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa katika vita vya Majimaji karibu na Liwale Agosti 1905 pamoja na wenzake wanne, na jinsi misheni za Nyangao na Lukuledi zilivyochomwa. Nililia. Jioni nikamsimulia bibi, naye alikuwa anamenya ming'oko. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Na kaka yangu, nani anamwombea?"

Kaka yake alikwenda na wapiganaji wa Majimaji, hakurudi. Ming'oko ile ndiyo iliyomkuza bibi, maana Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, watu wakabaki kuichimba porini. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa, wengi kwa njaa, ni kati ya 75,000 na 300,000. Wapiganaji wale walikuwa wamechoshwa na pamba ya lazima, kodi na viboko. Kwenye mafundisho yetu hakuna aliyeyataja hayo. Bibi alifariki sijampa jibu. Baadaye sana, nikiwa katekista, ndipo nilipoliandika jina la kaka yake kwenye bahasha ya Novemba ya kuombea marehemu, chini ya jina la Askofu Spiss. Mkono ulinitetemeka, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa.

Kwa hiyo nenda kwa wote wawili, na uende kwa miguu, usipige simu. Anza kwa yule ambaye mdogo wake hajaonekana. Mama yao ni Mwislamu, kama walivyo nusu ya shangazi zako. Kaa naye mkekani, umsikilize, usiwe na haraka ya kumhubiria. Mtu aliyepotelewa na mwanawe hana hata kaburi la kwenda kulia. Kisha nenda kwa ndugu wa polisi, uulize jeraha linaendeleaje.

Sikwambii unyamaze. Maaskofu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC), wakiongozwa na Askofu Wolfgang Pisa wa jimbo letu la Lindi, walilaani waziwazi mauaji ya waandamanaji. Nawe sema hivyo hivyo, hata mbele ya ndugu wa polisi: kumpiga raia risasi ni dhambi, na familia zina haki ya kuambiwa watoto wao wako wapi. Jiwe na bunduki havilingani, najua, na mwenye bunduki ataulizwa zaidi. Ila damu ya yule kijana aliyepigwa jiwe nayo ni damu, usiicheke. Na zile picha za maiti zinazozunguka kwenye simu, mwanangu, usizisambaze. Kila mmoja wao ni mtoto wa mtu, na mama yake asije akamwona kwanza kwenye simu ya jirani.

Jumapili mwombe paroko majina yote mawili yasomwe kwenye sala za waamini. Akisita, mwambie mjomba wako ndiye aliyeomba. Nitumie na mimi hayo majina, uyaandike kwa herufi kubwa, macho yangu hayana nguvu tena.

Fedha za korosho zimeingia. Humu ndani nimeweka nauli ya watu wawili, kwenda Dar na kurudi. Mama yule akitaka kwenda kumtafuta mwanawe hospitalini na vituoni, asiende peke yake.

Mjomba wako