Uhariri Nilirudi Nao Nkwenda

Mimi ni mzaliwa wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera. Kwa miaka mingi nilikuwa mhariri wa vitabu vya shule jijini Dar es Salaam, katika kampuni kubwa ya uchapishaji ambayo jina lake sitalitaja. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wenzangu waliopoteza kazi za vitabu wakadhani wamepoteza kila kitu.

Wengi hudhani kampuni ya vitabu ni mitambo. Sisi hatukuwa na mtambo hata mmoja. Kupiga chapa tulipeleka kwa wengine. Ofisini kulikuwa na watu na karatasi. Mswada wa mwalimu ukifika, mhariri anaulinganisha na muhtasari wa somo, anaandika maswali pembeni, anaurudisha kwa mwandishi, unakuja tena. Mchoraji anachora, msanifu anapanga kurasa, prufu zinapita mikononi mwa wasomaji kadhaa hadi siku ya kupeleka kitabu kuombewa ithibati ya serikali ili kitumike shuleni. Majuma ya mwisho tulitoka ofisini usiku wa manane.

Niliipenda kazi ile kwa moyo wote. Kuna kijana wa mjini aliwahi kunichorea mkungu wenye ndizi zilizoelekea chini. Nilimrudishia mchoro. Mtoto wa kwetu, anayeamka kila siku katikati ya migomba, akiona mkungu ule hatakiamini kitabu kizima. Ndiyo kazi ya mhariri: kusoma kwa niaba ya mtu ambaye hutamwona maishani.

Mwaka 1991 serikali iliwafungulia wachapishaji binafsi mlango wa vitabu vya kiada, na kampuni zikaajiri. Mwaka 2013, baada ya mjadala mkali bungeni kuhusu makosa vitabuni, kamati ya ithibati ilivunjwa na vitabu vya kiada vikarudi mikononi mwa serikali. Soko lililolipa mishahara yetu likafungwa. Kwetu mshahara ulianza kuchelewa, ukaja nusu, kisha ikaja barua. Malimbikizo sikuyapata yote. Nilikuwa nalea wanangu peke yangu. Kodi ya nyumba Kimara ikanishinda. Nikafunga mizigo, tukapanda basi la kurudi Kagera.

Nilikuta majonzi mengine. Shamba la mama lilikuwa limeingiwa na unyanjano, ule mnyauko wa migomba uliothibitishwa nchini mwaka 2006 na kuusumbua sana mkoa wetu. Majani yalikuwa manjano, ndizi zikiiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Kwetu Wanyambo, migomba ikifa nyumba inalala njaa. Usiku nililia kwa siri nisiwaogopeshe watoto. Mama alijua. Akaniambia, "Mwanangu, ulisomeshwa ili usome. Basi tusomee sisi."

Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa kulikuwa na kipeperushi cha ugonjwa huo, kimejaa maneno ya maabara. Nikakaa nacho kama nilivyokaa na miswada. Nikamuuliza bwana shamba maswali, nikaandika upya kwa sentensi fupi: ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu; panga ipitishe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine; mgomba ulioathirika ung'oe pamoja na shina lake. Mwalimu wa jirani alichora, mkungu ukiwa sahihi. Kabla ya kutoa nakala niliwapa wazee wasome kwa sauti, na kila walipokwama nilibadilisha. Tuling'oa, tukasubiri, tukapanda miche safi. Shamba halikurudi kwa msimu mmoja, lakini lilirudi.

Baada ya hapo watu walianza kuja: mchungaji na historia ya usharika, mwalimu na hadithi za watoto, chama cha wakulima wa kahawa na katiba yao. Wengine hulipa fedha, wengine hulipa maharage. Wanangu wamesoma kwa kazi hiyo na kwa kahawa.

Katika siku za giza nilijikumbusha Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara mkoani kwetu, aliyeongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, kisha mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota. Nilikumbuka pia kitabu cha Israel Katoke juu ya ufalme wa Karagwe, kilichotolewa Nairobi mwaka 1975 na East African Publishing House. Kampuni hiyo haipo tena, na anayetaka kujua habari za Rumanyika, mfalme wa Karagwe, bado anakitafuta kitabu kile.

Ndugu yangu uliyeachishwa kazi, dai haki yako hadi mwisho, maana jasho lako lina bei. Lakini usingoje kampuni ikuite ndipo ujione mhariri. Kanisani kwako, kwenye zahanati, kwenye ofisi ya kijiji, kuna karatasi ambayo watu wanaihitaji na hawaielewi. Anza na hiyo. Mimi nilianza hapo, na Mungu amenilisha.