Unga Nunueni Kwenu

Wiki mbili zilizopita mimi na mwenzangu wa chumbani tuliitwa na mwenye steshenari moja hapa jirani na chuo. Tangu mwaka wa pili tunachapa kazi za wanafunzi hosteli, kompyuta moja na printa moja ya mtumba, na wateja wameongezeka mpaka chumba cha pili wanalalamikia kelele. Yule bwana akatupa ofa: tuchukue meza ndani ya duka lake, tulipe kodi kila mwezi, umeme juu yake. Sharti moja tu, karatasi na wino tununue kwake. Na yeye mwenyewe anachapa, kwenye meza ya mlangoni.

Mwenzangu alitaka tukubali palepale. Mimi nikasema tutampa jibu Ijumaa. Njiani akaniuliza naogopa nini, nikashindwa kumweleza vizuri, nikajikuta naanza habari za gemu. Akacheka sana. Basi nimeona niziandike, labda zitaeleweka.

Nimekulia Morogoro, na likizo zangu nyingi za shule ya msingi ziliishia kwenye banda la gemu la mtaani kwetu. Palikuwa na PlayStation 2 tatu, mechi moja shilingi 200, ukifungwa unaachia padi mwenzio akae. Gemu yenyewe ilikuwa Winning Eleven. Walikuwepo wachache wa FIFA, tukiwaona hawajui mpira. Miaka yote ile niliamini kwamba aliyetengeneza mashine ndiye aliyetengeneza na gemu. Kumbe wapi! Mashine ni ya Sony, Winning Eleven ni ya Konami, na FIFA ilikuwa ya Electronic Arts. Sony nao walikuwa na gemu yao ya mpira, This Is Football, iliyoanza mwaka 1999. Pale bandani sikuwahi kuona mtu akiicheza, wala kuisikia ikitajwa. Yaani mwenye nyumba alikuwa anafungwa ndani ya nyumba yake, na hakuwafukuza wapangaji, kwa sababu kila diski waliyouza na yeye alipata chake. Nazungumzia diski halali. Zile za banda letu tusiulizane.

Lakini huko nyuma wenye mashine hawakuwa wakarimu hivyo. Atari walipotoa mashine yao mwaka 1977, gemu zake walitengeneza wenyewe. Vijana walioandika zile programu walilipwa mshahara tu, na majina yao hayakuandikwa kwenye boksi hata gemu iuze vipi. Mwaka 1979 baadhi yao, akiwemo David Crane, waliondoka, wakaungana na Jim Levy kuanzisha Activision, na wakaanza kutengeneza gemu za mashine ileile ya Atari. Atari wakaenda mahakamani. Mwaka 1982 wakapatana: Activision wauze, ila walipe mrabaha. Mwaka huohuo Crane akatoa Pitfall!, ikauza zaidi ya nakala milioni 4.

Tatizo ni kwamba mlango ulikuwa hauna bawabu. Kila mtu akaingia na gemu yake, nyingi mbovu, na mwaka 1983 soko la Marekani likaanguka. Nintendo walipoingia huko mwaka 1985 walikuja na kufuli. Ndani ya mashine yao kulikuwa na chipu, na kaseti isiyokuwa na chipu mwenzake haikuchezeka. Kampuni ya nje iliruhusiwa kutoa gemu 5 tu kwa mwaka. Konami waliona 5 hazitoshi, wakaunda kampuni nyingine kwa jina la Ultra Games ili wapate 5 za ziada. Ujanja wa mjini haukuanzia Kariakoo.

Sharti lililonishtua zaidi ni jingine. Kaseti zenyewe ilibidi uagize kwa Nintendo, na ulipe kabla. Kwa hiyo hujauza hata moja, mshindani wako ameshajua umeagiza ngapi, na ameshakula.

Niliposoma hilo nilimkumbuka mama.

Nikiwa kidato cha pili, mama alikuwa amekodi kibaraza cha nyumba moja karibu na barabara, anauza chapati asubuhi. Mama mwenye nyumba alikuwa na duka palepale, na walikubaliana kwamba unga na mafuta mama achukue dukani kwake. Lilionekana jambo la kusaidiana, maana alimkopesha hadi jioni. Mama alipoona chapati zimezoeleka akaanza kupika vitumbua. Vikashika. Kila siku akawa anaongeza kilo ya unga wa mchele, na kila kilo ilipimwa na kuandikwa kwenye daftari la mama mwenye nyumba.

Haikuisha wiki ya tatu, ikatoka meza nyingine mbele ya ya mama, upande wa barabarani. Vitumbua. Ukinunua vitatu unapewa chai bure.

Ile chai bure naikumbuka kila nikisoma habari za Wii. Mwaka 2006 Nintendo walipoitoa Marekani na Ulaya, ndani ya boksi waliweka Wii Sports bila kuiuza peke yake. Sasa wewe wa nje umetengeneza gemu yako ya tenisi, umempata mteja ambaye tayari anayo tenisi nyumbani. Utamwambia nini?

Nilikuwa na hasira wakati ule. Nikamwambia mama kwamba yule mama anatuibia. Mama akanijibu jambo lililoniudhi zaidi: "Vitumbua vyake umevionja?" Nilikuwa nimevionja, kwa siri. Vilikuwa vizuri. Hata leo ukitazama gemu 10 zilizouza zaidi kwenye Nintendo Switch, zote ni za Nintendo au za Pokémon, na Mario Kart 8 Deluxe peke yake imepita nakala milioni 60. Watu hawakulazimishwa kuipenda. Mwenye mashine anaijua mashine yake kabla ya mwingine yeyote, ana muda wa kusubiri, na anapika vizuri. Ukisema anashinda kwa hila tu, unajidanganya.

Ila wapo waliompiga chenga. Mwaka 1996 Nintendo walitoa Nintendo 64, na wakang'ang'ania kaseti wakati wenzao wameshahamia kwenye CD, ambazo ni rahisi kutengeneza na zina nafasi kubwa. Square, waliokuwa wakitengeneza Final Fantasy kwa mashine za Nintendo, wakabeba mizigo yao. Final Fantasy VII ikatoka mwaka 1997 kwenye PlayStation, CD tatu. Square walikuwa wazuri hata kabla ya hapo. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa na pa kwenda, na Sony, mgeni kwenye biashara ile, alikuwa anawahitaji.

Mama hakuwa na pa kwenda. Alivumilia mwaka mzima, mauzo yakishuka, michango yangu ya shule ikilipwa kwa vipande, mpaka alipopata nafasi karibu na stendi.

Alhamisi usiku nikampigia. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza yote: meza, kodi, umeme. Nilisahau sharti, au labda nililiruka. Akanyamaza kidogo.

"Karatasi mnanunua wapi?"

Nikamwambia.

"Na yeye anachapa?"

"Anachapa, mama."

"Basi mwanangu, kodi mlipeni, hata akiongeza. Lakini unga nunueni kwenu."

Alisema unga. Sikumsahihisha.

Ijumaa tulikwenda. Mwenzangu ndiye aliyezungumza, maana ana maneno matamu kuliko mimi. Tukasema tuko tayari kuongeza shilingi 20,000 kwenye kodi, ila karatasi na wino tutajitegemea. Yule bwana akachukua kikokotoo, akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Akasema atafikiria.

Mpaka naandika haya hajapiga simu. Printa bado iko chini ya kitanda changu, na chumba cha pili bado wanalalamika. Mwenzangu ananiambia kama tukikosa ile meza, kosa ni langu na la Nintendo. Huenda. Ila jana tulipita steshenari nyingine, ile ya ng'ambo ya barabara, tukauliza bei ya meza.