Kiwanja cha Msikiti Kisiwe Bei ya Malisho ya Jirani



Baadhi ya ndugu zetu katika imani wametuuliza, wengine kwa upole na wengine kwa hasira, kwa nini kamati ya msikiti wetu mdogo, ulioko mpakani mwa wilaya za Mbulu na Hanang, imeungana na majirani Wabarbaig na Wairaqw kupinga mradi mkubwa wa nyumba. Swali hilo linastahili jibu la hadharani, kwa sababu wenye mradi wametuahidi jambo tulilomuomba Mwenyezi Mungu kwa miaka mingi: kiwanja chenye hati, mabati ya kuezekea na kisima cha kutawadhia.

Hatukulikataa jambo hilo kwa wepesi. Sisi Waislamu wa hapa ni wachache. Watoto wetu husoma Qur'an chini ya mgunga, na mvua ikinyesha darasa huvunjika. Daftari la michango tunalishika wenyewe: mwezi ukiwa mwema hupatikana posho ya mwalimu, na kinachobaki hakinunui hata bati kumi. Anayetuambia kwamba tumeipiga teke riziki, tunajua uchungu unaomsemesha.

Lakini tulikwenda kulitazama eneo lenyewe. Ni bonde ambalo mifugo ya kijiji hukimbilia wakati wa kiangazi, na chini yake iko chemchemi tunayoitegemea sote. Kina mama hupanga foleni hapo tangu alfajiri, punda wakiwa na madumu mgongoni. Juu ya chemchemi hiyo ndipo panapokusudiwa kupimwa mamia ya viwanja, kila kimoja na shimo lake la choo, katika kijiji ambacho kaya zake tunazijua zote kwa majina. Tuliuliza maji ya watu hao wote yatatoka wapi, na ng'ombe watakwenda wapi. Tukaonyeshwa mchoro wenye rangi nzuri.

Wazee wa Hanang hawahitaji kuelezwa maana ya mchoro wa aina hiyo. Tangu miaka ya 1970, Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba makubwa ya ngano katika nyanda hizi, zaidi ya ekari 70,000. Yaliyochukuliwa hayakuwa mapori yasiyo na mwenyewe. Yalikuwemo mabonde yenye rutuba ambayo Wabarbaig huyaita muhajega, yaliyokuwa nguzo ya mzunguko wao wa malisho. Hata bung'eda, makaburi ya wazee wao waheshimiwa, mengine yalipitiwa na matrekta. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu. Walishinda mwaka 1984, lakini mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo kisheria. Watu waliozaliwa hapo na kuzika wazazi wao hapo waliangushwa na karatasi.

Jambo la pili ni la juzi tu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope, mawe na magogo yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki dunia. Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa. Baadaye waathirika walijengewa nyumba zaidi ya 100 huko Waret, nasi tulishukuru. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema kwamba kamati hii inachukia nyumba. Tunachosema ni kwamba nchi hii ina mlima mrefu na makorongo yanayokumbuka njia zao, na haifai kuinua ukuta hata mmoja kabla wataalamu hawajapima ardhi, njia ya maji na athari kwa mazingira, na kabla majibu yao hayajasomwa mbele ya wananchi.

Sasa turejee kwenye kiwanja tulichoahidiwa. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipofika Madina, mahali palipochaguliwa kujengwa msikiti palikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kupatoa bure, naye hakuridhia mpaka palipwe thamani yake. Ikiwa msikiti ule haukusimama juu ya haki ya yatima, wetu utasimamaje juu ya malisho ya jirani ambaye hakuulizwa? Tena tumefundishwa kuwa anayedhulumu hata shubiri moja ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama, na kuwa kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa. Jirani huyo si Mwislamu, lakini msiba ukitufika ndiye anayekuja na jembe kutusaidia kuchimba kaburi.

Vijana wetu wana hoja yao, nasi tumewasikiliza. Wanapanga vyumba Katesh na Haydom, wanatafuta vibarua, na ujenzi ungewapa kazi. Ni kweli. Ila kibarua cha ujenzi kinakwisha nyumba inapoezekwa, na chemchemi ikiharibika haijengwi upya. Tumependekeza viwanja vichache, mbali na bonde, vikiwahusu kwanza watoto wa kijiji.

Kamati imeandika barua kwa serikali ya kijiji, na shabaha yake ni moja: sheria ifuatwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa ardhi ya kimila hadhi sawa na ile ya hati nyingine. Ardhi ya kijiji iliyo chini ya hekta 250 haiwezi kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na fidia sharti ikubaliwe kwanza. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Si wa wenyeviti, wala si wa wanaume peke yao.

Hadi tunaandika haya, mkutano huo haujaitishwa. Wapo waumini waliopunguza michango kwa kutukasirikia, na tunawaombea kheri. Tunaziomba familia za Kiislamu, hapa na kwingineko vijijini, zifanye mambo matatu: ziulizie kama kijiji chao kina cheti cha ardhi na mpango wa matumizi bora ya ardhi, baba asiende mkutanoni akamwacha mama nyumbani, kwani mwenye kuyajua maji ni mchotaji, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla mtu hajaweka dole gumba. Msikiti tutaujenga, inshaAllah, bati kwa bati.

Wabillahi tawfiq.